Robo Saa Mpaka Homa Bay

Siku tulipomzika mlinzi wa uwanja wa ndege, watu kadhaa walisimama kumsifu, na karibu wote walisema alikuwa akiruka kwenda Homa Bay kikazi. Mmoja aliyevaa tai alisema marehemu alikuwa mtu wa anga. Mwingine alisema aliyazoea mawingu kama sisi tulivyozoea vumbi. Waombolezaji walitikisa vichwa. Mjane wake, aliyeketi karibu nami, aliinamia leso yake, mabega yakaanza kutikisika, na wanawake wakamkumbatia wakidhani analia. Mimi nilikuwa nimemshika mkono. Alikuwa anacheka.

Si kawaida yangu kusimama mbele za watu, na shule yangu iliishia darasa la nne. Lakini tangu nilipoolewa Migori boma letu lilipakana na nyasi za uwanja wake, na sipendi mtu azikwe akiwa amevishwa nguo isiyo yake. Yule mzee hakuruka hata mara moja. Aliwahi kukaa ndani ya ndege kwa muda wa kumenya muhogo, na ndege yenyewe ilikuwa imesimama chini.

Usidhani uwanja wenyewe ulikuwa kitu cha kutisha. Ulikuwa ukanda wa nyasi, wenye mawe yaliyopakwa chokaa kila upande, kibanda cha mabati cha kuwekea mafyekeo, na mlingoti uliotundikwa ule mfuko mrefu wa kitambaa unaomwonyesha rubani upepo unakotoka. Sisi tuliuita soksi. Ndege ndogo ilikuja mara moja kwa juma, na wakati wa mvua hata mara moja kwa mwezi haikuja. Ilileta ofisa, au daktari, au furushi la barua, kisha ikarudi Homa Bay ilikotoka. Kazi ya mzee ilikuwa kufyeka nyasi na kuondoa ng'ombe. Kufyeka hakukumsumbua. Ng'ombe ndio waliompa cheo.

Alivaa koti la khaki alilopewa na serikali ya wazungu. Uhuru ulipokuja, vijana walimwambia avue nguo ya mkoloni. Alibadilisha vifungo tu. "Nchi ndiyo imebadilika," alisema. "Ng'ombe ni wale wale."

Shingoni alining'iniza filimbi ya chuma, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuitia mdomoni. Aliipiga, halafu akawasema ng'ombe kwa sauti iliyofika sokoni, na kwa kuwa hakujua majina yao, aliwaita kwa majina ya wenyewe.

"Wewe wa mwalimu! Mwenyewe anafundisha watoto adabu, na wewe umelala katikati ya barabara ya ndege! Na wewe wa yule muuza chumvi, ondoka, umekonda kama roho ya bwana wako!"

Kwa hiyo siku ya ndege sote tulijua nani amekonda, nani ana ng'ombe mkaidi, na nani bado hajalipa fahali wa watu. Rubani, kule juu, aliona mzee mmoja akirusha mikono. Sisi chini tulisikia habari za mji mzima.

Soksi yenyewe iliwahi kuchanika msimu mmoja wa upepo. Mzee aliripoti kwa ofisa, ofisa akaahidi nyingine, na nyingine haikuja. Siku ya ndege mke wake alikuwa sokoni akipima omena, dagaa wa ziwani, akainua macho, akaona kwenye mlingoti kitu cha rangi ya waridi chenye ukingo wa maua, kimejaa upepo. Aliacha kupima.

"Lile ni shimizi langu," alisema.

Ndege ilitua vizuri. Rubani alisifu ile rangi, kwamba inaonekana kutoka mbali. Shimizi lilikaa juu ya Migori mpaka likafifia, na kila mgeni wa serikali aliyetua tangu siku ile aliongozwa nalo. Mke wake hakumsamehe, ila pia hakukubali lishushwe. Alisema watu wameshaliona, sasa lishushwe ili iweje?

Sasa niseme juu ya robo saa.

Rubani mmoja alimwambia kwamba kutoka uwanja huu mpaka uwanja wa Homa Bay ni robo saa, kama upepo hausumbui. Mzee alilichukua neno hilo, akauacha upepo hapo hapo, akaondoka na robo saa. Hakuwa na saa ya mkononi wala ya ukutani. Sijui robo saa yake aliipimaje. Lakini kuanzia siku ile, kila kitu duniani alikipima kwa safari ya Homa Bay. Maharagwe yakichelewa kuiva alimwambia mkewe, "Haya yamekwenda Homa Bay na kurudi, na bado ni mawe." Mtu akimngojesha alimpokea kwa kusema, "Ningekuwa nimeshafika Homa Bay, nimekunywa chai."

Alikuwa Msabato wa kukaa benchi la mbele. Sabato moja pasta alihubiri mpaka watoto wakalala. Mlangoni mzee akampa mkono.

"Mahubiri mazuri, Pasta. Ila leo tumefika Homa Bay, tukarudi, tukaenda tena, na Musa bado hajavuka bahari."

Pasta naye hakuwa mnyonge. "Na wewe, Jaduong'," alimjibu kwa lile neno letu la heshima kwa mzee, "Sabato iliyopita nilisikia filimbi katikati ya sala. Amri inasema usifanye kazi."

"Mimi sikufanya kazi, Pasta. Nilikuwa nimesimama. Waliokuwa wakifanya kazi ni ng'ombe."

Ukimuuliza juu ya barabara alichukua fimbo akachora mavumbini. Alichora mstari mmoja ulionyooka. "Hapa Migori. Hapa Homa Bay. Kaskazini, moja kwa moja, hakuna kona." Halafu pembeni yake akachora kitu kama utumbo wa mbuzi. "Na hivi ndivyo linavyokwenda basi."

Mimi nilizaliwa Kosele, ndiyo maana watu wa Migori huniita Nyar Kosele, binti wa Kosele. Kila nilipokwenda kwetu nilipitia Rongo, na ile njia ya ziwani naijua pia. Si utumbo wa mbuzi. Inapanda mpaka Rongo, halafu inakunja kushoto na kushuka kuelekea ziwani. Ina matope wakati wa mvua na vumbi wakati wa jua. Ukitoka asubuhi, basi lisipokwama, jioni umeshanawa miguu. Nilimwambia hivyo mara moja. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama kipofu.

Makondakta wa basi walimjua, na kila walipopita sokoni walimchokoza.

"Jaduong'! Homa Bay, Homa Bay! Kuna kiti cha dirishani!"

"Basi lenu linapitia wapi?"

"Rongo."

"Kiti hicho mpe mbuzi."

"Mbuzi tayari yuko juu, mzee. Yeye leo atafika. Wewe bado tunakukuta hapa hapa."

Watu walicheka, na yeye akacheka nao, lakini aliondoka mapema siku ile. Nilijua kwa nini. Yule kondakta hakujua amegusa wapi.

Mzee alikuwa na binti mmoja, na binti huyo aliolewa Homa Bay na mvuvi mwenye shamba karibu na maji. Ng'ombe wa mahari walikuja wote, ugomvi haukuwapo. Kilichobaki ni baba kumtembelea. Kwetu baba hafiki kwa mkwe kama mtu aliyepita njiani akaomba maji. Hupangiwa siku, hupikiwa, hukaribishwa na watu wa boma lote, na mwanamke ambaye baba yake hajafika huulizwa na wake wenzake kama kweli ana baba. Binti alituma salamu kila msimu: Baba aje. Na kila msimu baba alijibu kwamba atakuja kwa ndege, rubani amemwahidi, na kwa nini watu wana haraka? Mtoto yuko hapo tu. Robo saa.

Alikwenda mke wake, kwa basi, akarudi. Nilikuwa kwao nikiazima kinu siku aliporudi, na mzee alikuwa ameketi akijifanya hana hamu ya habari.

"Umemkuta vipi?" aliuliza mwisho.

"Mzima. Amekuwekea kiti."

"Kiti gani?"

"Cha mbao, chenye mikono. Alimwita fundi kwa ajili yako. Kipo kwenye kona. Mtoto akikikalia anachapwa."

Mzee alifurahi mpaka akasimama. Jioni ile soko zima lilijua kwamba kule Homa Bay kuna kiti. "Mwambieni asikiondoe," alisema. Miaka ikapita. Wajukuu wakazaliwa, kiti kikangoja. Ndege zikatua, zikaondoka, na kila rubani alimpiga bega akamwambia, "Siku moja, mzee, siku moja." Mke wake akizungumza nasi kisimani alisema, "Mchwa wameshakipanda kile kiti. Mwenzenu bado anangoja mabawa."

Wapo waliosema alikuwa mwoga wa safari. Wengine walisema ni bahili. Mimi sidhani. Nadhani alikuwa amesema neno ndege mara nyingi mno mbele ya watu wengi mno, na siku aliyotaka kusema basi, mdomo ulikataa. Ni ujinga, ndiyo. Kwa ujinga huo mtoto wa watu aliulizwa kwa miaka mingi kama ana baba. Siwezi kuusemea vizuri eti kwa sababu mwenyewe amekufa.

Lakini pia kulikuwa na shida ya kweli, nayo ilinichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja. Ili ndege iondoke, lazima mtu awe chini kuondoa ng'ombe. Na mtu huyo alikuwa yeye.

Hapo ndipo penye jambo ambalo serikali haikuliuliza ilipouchonga uwanja ule. Mwanamume mwenye boma akifa kwetu, wanaume hukusanya mifugo yake, hujipaka udongo, huchukua mikuki na ngao, hupuliza pembe, na kukimbia na ng'ombe mpaka mahali pa wazi kukifukuza kifo kilichoingia nyumbani. Ndiyo tero buru. Kwa koo za upande wetu, mahali pa wazi palikuwa pale pale, tangu enzi za babu za waume zetu. Serikali iliona tambarare isiyo na mtu, ikapaka mawe chokaa.

Hapa sitamcheka mzee, maana jambo hili aliliweza. Msiba ukitokea, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Alivua kofia, akalia inavyopasa, akakaa na wafiwa. Halafu alimvuta kando mwana mkubwa wa marehemu.

"Ndugu yangu, kifo hiki tutakifukuza sawasawa. Uwanja ni wenu. Niachieni tu ndege iondoke kwanza."

"Tutajuaje imeondoka?"

"Mtasikia filimbi mara tatu. Mkisikia, njooni na nguvu zenu zote."

Na watu walingoja. Hakuna boma lililowahi kumvunjia neno. Filimbi mara tatu, na ng'ombe wakashuka kama mafuriko, na mzee mwenyewe, koti la serikali mwilini, akakimbia nao akipiga kelele kuliko wafiwa.

Halafu akafa baba mkwe wangu.

Jioni ya siku ile ile mtu alishuka kwenye basi na ujumbe kwa mzee wa uwanja: binti yake amelazwa Homa Bay, uzazi umekuwa mgumu, anamwita baba. Hakuomba kutembelewa safari hii. Alisema tu anataka kumwona.

Mzee alikuja kwetu kulia kama kawaida yake, na maji niliyompa aliyasahau mkononi. Alipanga na shemeji yangu mkubwa, mwana wa kwanza wa marehemu, maneno yale yale ya siku zote: kesho ndege inakuja na ofisa, itarudi Homa Bay tupu, ngojeni filimbi mara tatu. Mke wake alimfuata mpaka langoni kwetu.

"Panda basi la asubuhi," alimwambia. "Nakuomba."

"Ndege inatua kabla ya jua kuwa kali. Nikipanda basi, ndege itanipita juu ya kichwa nikiwa bado Rongo."

Na alikuwa sahihi. Kwa hesabu, alikuwa sahihi kabisa.

Asubuhi alivaa viatu vya Sabato. Ndege ilitua, ofisa akashuka akaenda zake. Rubani alikuwa mgeni, kijana wa kizungu ambaye hatukuwahi kumwona kabla. Mzee alimweleza kwa Kiswahili chake chote habari za binti yake, na yule kijana akaelewa, au akachoka, akaonyesha kiti cha nyuma. Mzee akapanda. Mlango ukafungwa.

Na filimbi ikawa shingoni mwake, ndani ya ndege.

Kwetu wanaume walikuwa tayari tangu alfajiri, wamejipaka udongo, ng'ombe wanasukumana langoni. Walingoja. Walisikia mlio wa ndege ikitua. Wakangoja. Jua likapanda, na maiti ya mzee wao iko ndani, na kifo bado kimekaa nyumbani kama mgeni asiyeaga. Shemeji yangu akasema, "Jaduong' ana shida zake leo. Amesahau kutupigia. Ndege itakuwa imekwenda." Pembe zikapulizwa.

Sisi wanawake tulikuwa nyuma. Nilipofika kwenye mawe ya chokaa niliona ndege ipo, pangaboi linazunguka, na ng'ombe wa baba mkwe wangu wote wanakwenda kuielekea, na nyuma yao wanaume weupe kwa udongo, mikuki juu, wakipiga kelele za kumtisha adui. Jiweke mahali pa yule rubani. Hakujua kama adui ni kifo. Alidhani ni yeye.

Mlango ulifunguka, mzee akaanguka nyasini kwa magoti, akainuka, filimbi mdomoni. Alikimbilia mbele ya ng'ombe akirusha mikono. Mtu akiwa amefiwa huwezi kumwambia rudisha ng'ombe nyumbani. Ng'ombe wa tero buru hawarudishwi njiani. Yeye alijua hivyo kuliko sote. Kwa hiyo hakusema rudini.

"Kushoto!" alipiga kelele. "Wapitisheni kushoto! Ndugu zangu, kushoto! Mtoto wangu yuko Homa Bay!"

Wanaume wakasikia. Ng'ombe nao waliijua ile filimbi, maana iliwatukana tangu wakiwa ndama. Wakapinda kushoto, wote, kama maji yanapokutana na jiwe, na katikati pakabaki nyasi tupu, safi, kutoka ndege ilipo mpaka mwisho wa uwanja.

Rubani aliona njia imefunguka. Hakungoja aliyeifungua. Mashine ilinguruma, ndege ikakimbia, ikainuka juu ya shimizi lililofifia, ikageuka kaskazini.

Mzee alibaki amesimama, filimbi bado mdomoni. Alikuwa anahema, na kila alipotoa pumzi ilitoa sauti ndogo, kama kifaranga. Hakujua kwamba inalia. Hakuna aliyemwambia.

Shemeji yangu alimwendea, mkuki umeshushwa. "Jaduong', tusamehe. Tulingoja filimbi."

"Najua," mzee alisema. Akaitoa mdomoni, akaitazama. "Nilikuwa nayo mimi."

Mke wake alikuja akipita katikati ya vumbi la ng'ombe. Nilidhani sasa atamwambia yote aliyoyasema kisimani kwa miaka ile. Alimpa kifurushi cha viazi vilivyofungwa katika jani la mgomba.

"Basi la mchana halijapita," alisema.

"Linapitia Rongo."

"Ndiyo. Linapitia Rongo."

Mzee akaenda.

Yaliyofuata nilisimuliwa na binti mwenyewe, na ni mtu asiyeongeza chumvi. Mvua iliwakuta mbele ya Rongo na abiria wakashuka kusukuma. Mzee alisukuma kwa viatu vya Sabato. Aliingia wodini akiwa na matope mpaka magotini, akasimama mlangoni akishika kofia. Mtoto alikuwa amezaliwa usiku uliotangulia, yu hai. Mama yake alikuwa amelala hana damu usoni, lakini macho yamefunguka.

Alimtazama baba yake kuanzia miguuni.

"Baba, umekuja na basi?"

"Ndege ilijaa," mzee alisema.

Binti alipopata nafuu, wakamchukua nyumbani, na mzee akaenda naye, na watu wa boma wakakusanyika kumwona baba aliyengojwa. Kiti kililetwa kutoka kwenye kona, kikapanguswa. Mzee akashusha uzito wote wa miaka ile, akakaa. Mguu mmoja wa kiti, ulioliwa na mchwa ndani kwa ndani, ukakatika. Alijikuta chini, mkono wa kiti umebaki mkononi mwake.

Mjukuu wake mkubwa, aliyekuwa amechapwa mara nyingi kwa ajili ya kiti kile, alikimbilia mlangoni.

"Mama! Huyu mgeni amevunja kiti cha Babu!"

Binti aliniambia kwamba wote walicheka, isipokuwa baba yake. Baba yake aliinuka polepole, akampa mtoto ule mkono wa kiti, akatoka nje kutazama ziwa, na alikaa huko mpaka chakula kikapoa.

Aliporudi Migori hakusimulia lolote. Koti lilikuwa lile lile, filimbi ile ile, na bado aliwasema ng'ombe kwa ukoo. Robo saa nayo aliendelea nayo, maana watu waliidai. Ila baada ya hapo akawa anapotea siku mbili tatu, mara kwa mara. Akiulizwa alisema amekwenda kukagua uwanja wa Homa Bay. Wakubwa wamemtaka, alisema. Wale wa kule hawajui ng'ombe. Watu walipiga hesabu wenyewe: mlinzi wa uwanja, amekwenda uwanjani, bila shaka kwa ndege. Ndipo wale wenye tai walipoupata uongo wao wa siku ya maziko. Siwalaumu. Aliwapikia yeye.

Mara ya mwisho kuzungumza naye kwa kirefu ilikuwa Rongo, mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa natoka Kosele kumzika mama yangu, nangoja basi la kurudi Migori. Nikaona koti la khaki limekaa juu ya gunia kando ya wauza ndizi, upande wa mabasi ya ziwani. Alikuwa amezeeka, mashavu yameingia ndani. Pembeni yake palikuwa na kigoda kipya cha mtoto, kimefungwa kamba.

"Jaduong'," nilisema. "Unakwenda kukagua uwanja?"

Aliangalia huku na huku. "Nyar Kosele. Nikiwa hai, usiseme."

"Sitasema."

Alinipa pole ya mama yangu, akanisogezea nafasi kwenye gunia, tukakaa. Hapo ndipo nikaona shingo yake iko tupu.

"Filimbi iko wapi?"

"Nimempa mjukuu. Yule aliyezaliwa siku ile." Akatabasamu. "Anafukuzia kuku. Anawatukana vizuri sana."

Ndege ndogo ikapita juu, ikitoka kaskazini. Wauza ndizi wote waliinua vichwa. Mzee hakuinua.

"Huyo amechelewa leo," alisema.

Basi lake likaja. Nilimsaidia kupandisha gunia na kigoda, na kondakta, ambaye alikuwa mtoto tu enzi za mbuzi na kiti cha dirishani, akamshika mkono kwa heshima akampeleka dirishani bila kuulizwa. Nilisimama chini. Sikutaka bado aondoke, nikamuuliza la kwanza lililonijia.

"Jaduong', kutoka hapa mpaka Homa Bay ni muda gani kwa basi?"

Alifikiri. Nilimwona akitafuta kweli, mtu aliyempimia kila mtu Migori maharagwe na mahubiri.

"Sijui, binti yangu," alisema. "Mimi hulala. Nikiamka, nimefika."

Akavuta kofia ikafunika macho.